Orodha Ndefu katika Hifadhidata: Utafutaji wa Maumbo ya Kitenzi cha Kiswahili kwa Zana za Uoanishaji

Ikisiri

Makala haya yanajadili tatizo linalomkabili mtafiti wa Kiswahili anapotaka kutafuta maelfu ya maumbo ya maneno katika hifadhidata kwa kutumia zana za uoanishaji. Inaonyeshwa kwamba muundo wa kitenzi cha Kiswahili huzalisha orodha zinazovuka mipaka ya mifumo mingi ya hifadhidata. Aidha, inaelezwa kwamba namna mtafiti anavyoikabili mipaka hiyo huathiri ukweli wa matokeo yake, hasa pale anapodai kwamba umbo fulani halipo.

Utangulizi

Kwa muda mrefu wanaleksikografia wa lugha nyingi duniani walinukuu maneno kwenye kadi, wakazipanga kialfabeti na kuzihifadhi katika visanduku. Kazi hiyo sasa hufanywa kwa tarakilishi, na Kiswahili hakikuachwa nyuma. Mfano unaofahamika zaidi ni Korpasi ya Kiswahili ya Helsinki, iliyotokana na juhudi za Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambayo toleo lake la pili la mwaka 2016 lina maneno yapatayo milioni 25. Mbali na korpasi kubwa za aina hiyo, wanafunzi wengi wa uzamili na uzamifu hujikusanyia korpasi zao ndogo kutokana na magazeti, riwaya au mahojiano ya nyanjani, kisha wakazihifadhi katika hifadhidata.

Hapa ndipo tatizo huanza. Mwanafunzi wa isimu huifahamu vyema sarufi ya lugha anayoichunguza, lakini mara nyingi huichukulia zana anayoitumia kana kwamba ni dirisha safi: anachokiona ndicho kilichopo. Makala haya yanashikilia kwamba dirisha hilo lina ukungu wake, na kwamba ukungu huo huwa mzito zaidi pale swali linapobeba orodha ndefu. Mtafiti anayeandika katika tasnifu yake kwamba "umbo hili halikupatikana katika korpasi" anatoa dai la kisayansi. Dai hilo likitokana na swali lililokatwa vibaya, basi ni uongo, ijapokuwa aliyelitoa hakukusudia kudanganya.

Zana za uoanishaji ni nini?

Hifadhidata nyingi zinazotumika leo zina msingi wake katika kielelezo cha uhusiano kilichopendekezwa na Edgar F. Codd mwaka 1970, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM. Kwa mujibu wa kielelezo hicho, data hupangwa katika majedwali yenye safu mlalo na safu wima, na majedwali huhusishwa kwa thamani zinazolingana. Lugha ya kuyauliza majedwali hayo maswali, ambayo baadaye ilijulikana kama SQL, ilibuniwa na Donald Chamberlin na Raymond Boyce katika miaka ya mwanzo ya 1970.

Lugha za kuandikia programu, kwa upande mwingine, nyingi huitazama dunia kwa namna tofauti. Kwazo, kidahizo ni kitu chenye sifa zake: tahajia, kategoria, maana, mifano. Zana ya uoanishaji ni mkalimani anayesimama kati ya pande hizo mbili. Mwandishi wa programu huzungumza na vitu, naye mkalimani hutafsiri maneno yake kuwa SQL, huyapeleka kwa hifadhidata, kisha hurudi na majibu yakiwa yamegeuzwa vitu tena. Hibernate, iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001 kwa lugha ya Java, ni mojawapo ya zana za mwanzo kupata umaarufu mkubwa. Kwa lugha ya Python kuna Django, iliyotolewa mwaka 2005, na SQLAlchemy ya mwaka 2006. Microsoft nayo ilitoa Entity Framework mwaka 2008.

Istilahi zenyewe bado hazijatulia. Wapo wanaosema hifadhidata na wapo wanaosema kanzidata. Mzozo huu unakumbusha ule wa tarakilishi, kompyuta na ngamizi. Makala haya yanatumia hifadhidata kwa sababu maana yake humjia msomaji bila kufafanuliwa. Kwa dhana ya swali linalopelekwa kwa hifadhidata, makala yanatumia ulizo, wingi wake maulizo, ili neno swali libakie kwa maswali ya utafiti.

Kitenzi kimoja, maumbo 1,372

Lugha ambazo maneno yake hayabadiliki sana hazimsumbui mtafiti kwa orodha ndefu. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi, na hilo hubadilisha hesabu nzima.

Chukua kitenzi soma. Viambishi awali vya nafsi na ngeli vinavyoweza kukaa mwanzoni mwake, tukihesabu vinavyotofautiana kwa tahajia pekee, ni 14: ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-, i-, li-, ya-, ki-, vi-, zi-, ku- na pa-. Viambishi vya njeo, hali na masharti vikiwa saba tu, yaani -na-, -li-, -ta-, -me-, -ki-, -nge- na -ngali-, na nafasi ya mtendwa ikiwa na uwezekano wa 14, yaani viambishi 13 pamoja na hali ya kutokuwa na kiambishi, tunapata 14 mara 7 mara 14. Jawabu ni maumbo 1,372. Hatujagusa ukanushi, virejeshi, kiambishi cha kujirejea -ji- wala hu- ya mazoea.

Ni kweli kwamba baadhi ya maumbo hayo hayakubaliki kisarufi au kimaana. Hakuna mzungumzaji atakayesema "ninanisoma", kwani lugha ina "ninajisoma" kwa kazi hiyo. Hata hivyo, mtafiti anayetaka kujua ni maumbo yapi hutumika na yapi hayatumiki hawezi kuyaondoa kwa kukisia, maana hilo ndilo swali lake la utafiti. Akiongeza mashina mawili ya mnyambuliko, somea na somesha, orodha inafika maumbo 4,116. Akichunguza vitenzi 16 vya aina hiyo, inafika 65,856.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mtafiti asitafute mzizi tu. Swali hilo ni la haki. Korpasi iliyochanganuliwa kimofolojia, kama ile ya Helsinki, huonyesha kidahizo cha kila neno, na kazi ya kutafuta maumbo huwa imekwisha kufanywa. Lakini korpasi nyingi za wanafunzi ni matini ghafi. Kutafuta mfuatano wa herufi "som" popote ulipo kutaleta pamoja somo, masomo, somba na Somalia, na zaidi ya hayo kutailazimisha hifadhidata ipitie kila safu bila msaada wa faharasa. Orodha ya maumbo kamili hubaki kuwa njia sahihi zaidi kwa matini ya aina hiyo.

Mipaka ya mifumo

Namna rahisi ya kuuliza ni kuipa zana ya uoanishaji orodha nzima na kuiambia ilete safu zote ambazo neno lake limo katika orodha hiyo. Mkalimani hutafsiri ombi hilo kuwa ulizo moja lenye neno IN likifuatwa na mabano yenye maumbo yote. Kwa maumbo 20 mambo huenda vizuri. Kwa maelfu, ulizo hugonga ukuta.

Kwa miaka mingi Oracle haikukubali zaidi ya vipashio 1,000 katika orodha moja ya namna hiyo, ingawa matoleo ya karibuni yamepanua mpaka huo. SQL Server ina kikomo cha parameta 2,100 kwa ulizo moja. SQLite, inayopendwa na wanafunzi kwa kuwa haihitaji seva, ilikuwa na kikomo cha kawaida cha 999 hadi mwaka 2020, ambapo toleo la 3.32.0 lilikipandisha hadi 32,766. PostgreSQL huishia 65,535, kwa sababu idadi ya parameta katika itifaki yake huandikwa kwa biti 16 tu.

Tukirejelea hesabu iliyotangulia, umuhimu wa tarakimu hizi kwa mwanaisimu unadhihirika. Kitenzi soma peke yake, bila mnyambuliko wowote, kinatosha kuvuka mpaka wa zamani wa Oracle. Mashina mawili yanavuka ule wa SQL Server. Vitenzi vinane vyenye mashina matatu kila kimoja vinavuka ule wa SQLite, na vitenzi 16 vinaushinda hata mpaka wa PostgreSQL. Aliyeweka mipaka hii hakuwa na kitenzi cha Kibantu akilini.

Inapogonga ukuta, hifadhidata hupiga kelele: hurudisha ujumbe wa kosa na kukataa kazi. Kelele hiyo ni neema. Hatari iko katika hatua inayofuata, pale mtafiti anapoamua kuikata orodha.

Hatari za kukata mafungu

Suluhisho linalomjia kila mtu kwanza ni kuigawa orodha katika mafungu ya maumbo 500 au 1,000, kuuliza fungu kwa fungu, kisha kuyaunganisha majibu. Baadhi ya zana hufanya hivyo zenyewe. Django, kwa mfano, huigawa orodha inapozungumza na Oracle, ila huyaweka mafungu yote ndani ya ulizo moja. Mtafiti anapoyatenganisha kuwa maulizo mbalimbali, mambo matatu humnyemelea.

La kwanza ni urudufu. Iwapo orodha ilizalishwa na programu iliyoitenga m- ya nafsi ya pili wingi na m- ya ngeli ya mahali, umbo "mnasoma" litatokea mara mbili. Ndani ya ulizo moja hilo halina madhara, kwa kuwa safu ama imo ama haimo. Lakini umbo hilo likiangukia mafungu mawili tofauti, kila safu yenye "mnasoma" italetwa mara mbili na marudio yake yatahesabiwa maradufu. Kwa mtafiti wa takwimu za matumizi, kosa hili ni zito, na haliachi alama yoyote.

La pili ni mpangilio. Ombi la kuleta maumbo 100 yanayotumika zaidi, likielekezwa kwa kila fungu, huleta 100 bora wa kila fungu. Kuyaunganisha bila kuyapanga upya ni sawa na kuwatangaza washindi wa mbio za kaunti kuwa washindi wa taifa.

La tatu ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi, nalo ni ukanushi. Tuseme mtafiti ana vidahizo 4,000 vya kamusi, na anataka kujua ni maneno gani ya korpasi hayamo katika kamusi hiyo. Anavigawa vidahizo katika mafungu manne na kuuliza kila mara: leta maneno yasiyomo katika fungu hili. Fungu la kwanza lina vidahizo vinavyoanza kwa A hadi K. Neno "zawadi" halimo humo, hivyo linaletwa. Fungu la mwisho lina vidahizo vya U hadi Z. Neno "baba" halimo humo, nalo linaletwa. Akiyajumlisha majibu ya mafungu yote manne, mtafiti hupata karibu korpasi nzima ikidaiwa kuwa haimo katika kamusi. Jibu sahihi ni yale maneno tu yaliyoletwa na kila fungu bila kukosa. Uyakinishi hukatika vipande na kuunganishwa kwa kujumlisha. Ukanushi haukatiki hivyo.

Ukanushi una mtego mwingine, hata bila mafungu. Katika SQL nafasi tupu haimaanishi "hakuna", humaanisha "haijulikani". Orodha ya vidahizo ikiwa na safu moja tu ambayo tahajia yake haikujazwa, ulizo la "yasiyomo katika orodha" halileti neno lolote. Hifadhidata haiwezi kuthibitisha kwamba "zawadi" si sawa na kitu kisichojulikana, kwa hiyo hukaa kimya. Mtafiti atasoma kimya hicho kama habari njema: maneno yote ya korpasi yamo katika kamusi! Ukweli ni kwamba hakujibiwa.

Orodha kugeuzwa jedwali

Mtazamo wa makala haya ni kwamba orodha inayozidi maumbo mia kadhaa haifai kuwa sehemu ya ulizo. Inafaa kuwa data. Mtafiti aunde jedwali la muda, ayaingize humo maumbo yote, aliwekee faharasa, kisha aliunganishe na jedwali la korpasi. Uingizaji wenyewe unaweza kufanywa kwa mafungu bila hofu, kwani kuingiza maumbo 1,000 kisha mengine 1,000 hakubadilishi maana ya chochote. Ulizo linalofuata huwa fupi hata kama jedwali lina maumbo 65,856. Safu wima ya umbo iwekewe sharti la upekee, la sivyo ule urudufu wa "mnasoma" utarudi kupitia mlango wa nyuma: katika muungano wa majedwali, umbo lililoandikwa mara mbili huleta kila jibu mara mbili.

Faida ya njia hii kwa mwanaisimu inazidi ile ya kukwepa mipaka. Jedwali lina safu wima, na orodha haina. Kando ya umbo "tulivisoma" mtafiti anaweza kuandika kwamba nafsi ni ya kwanza wingi, njeo ni iliyopita, mtendwa ni wa ngeli ya KI-VI na shina ni soma. Korpasi ghafi inapounganishwa na jedwali hilo, majibu huja yakiwa yamechanganuliwa tayari. Mtafiti anaweza kuuliza mara moja ni viambishi vipi vya mtendwa huandamana zaidi na -ngali-, bila kulifungua faili la pili. Yale maumbo yenye uchanganuzi zaidi ya mmoja, kama "mnasoma", huwekewa jedwali dogo la uchanganuzi pembeni, ili utata wake uhifadhiwe bila kuyavuruga marudio.

Vilevile, muungano wa nje huonyesha maumbo ambayo hayakupata mwenza katika korpasi, kila moja kwa jina lake. Hapo ndipo dai la kutokuwepo hupata ushahidi.

Zipo njia za kati. PostgreSQL huweza kuipokea orodha nzima kama safu moja ya thamani, hivyo maelfu ya maumbo huhesabiwa kuwa parameta moja. Entity Framework Core, katika toleo lake la 8 la mwaka 2023, ilianza kuipeleka orodha kwa SQL Server ikiwa matini moja ya JSON, ambayo hifadhidata huifungua kuwa jedwali. Msingi wa njia zote hizi ni uleule.

Majibu mengi mno

Ulizo likishapita salama, majibu nayo yanaweza kulemea. Zana nyingi za uoanishaji huwa na tabia inayoweza kuitwa uvivu wa makusudi: huleta kidahizo bila mifano yake, na mifano hufuatwa pale tu inapoguswa. Kwa kidahizo kimoja, uvivu huo ni busara. Kwa vidahizo 5,000 vinavyopitiwa kimoja baada ya kingine, ulizo moja hugeuka kuwa maulizo 5,001. Kila safari ikichukua sehemu moja ya mia ya sekunde, kazi huchukua sekunde 50 badala ya chini ya moja au mbili. Dawa ni kuiagiza zana, tangu mwanzo, ilete mifano pamoja na vidahizo.

Kuhusu kurasa, wengi huomba majibu kwa kuruka: ruka 99,950, leta 50. Hifadhidata hutii, ila huzihesabu safu zote 99,950 kabla ya kuzitupa. Ni sawa na mtu anayetafuta neno "pwani" katika kamusi kwa kufunua kila ukurasa tangu A. Afadhali kuomba safu 50 zinazofuata baada ya neno la mwisho lililosomwa, kwa kutumia faharasa, kama vile msomaji wa kamusi anavyoongozwa na neno lililochapishwa juu ya ukurasa. Njia hii ina sharti moja tu: mpangilio uwe wa kipekee, usiwe na maneno mawili yanayogombea nafasi moja.

Suala la king'ong'o

Limebaki jambo dogo linaloihusu tahajia ya Kiswahili moja kwa moja. Alama inayoandikwa katika ng'ombe, ng'ara na ng'oa ndiyo ileile inayotumiwa na SQL kufungua na kufunga matini. Mtafiti anayeunda ulizo kwa kugandisha maneno pamoja ataona ulizo lake likivunjika katikati ya "ng'ombe", au likibeba maana asiyoikusudia. Maneno yapelekwe kama parameta, nazo zana za uoanishaji hufanya hivyo zenyewe zisipozuiwa.

Hata hivyo, parameta haitatui tatizo la alama zenyewe kuwa zaidi ya moja. Programu za kuandikia matini aghalabu huigeuza alama iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Kwa jicho la msomaji hakuna tofauti. Kwa hifadhidata ni maneno mawili. Korpasi iliyokusanywa kutoka magazeti ikiwa na alama iliyopinda, na orodha ya mtafiti ikiwa na iliyonyooka, vitenzi vyote vya ng' vitaonekana havitumiki katika Kiswahili cha magazeti ya Kenya. Tahajia za pande zote mbili zisawazishwe kabla ya kuunganishwa, na herufi kubwa za mwanzo wa sentensi zishughulikiwe wakati huohuo.

Kisha hesabu ifanywe. Maumbo tofauti yaliyoingizwa katika jedwali la muda yalingane na jumla ya yaliyopatikana na yasiyopatikana. Kwa kitenzi soma jumla hiyo ni 1,372. Ikiwa 1,371, utafutaji urudiwe. Orodha yenyewe, pamoja na tarehe ya utafutaji na toleo la korpasi, iwekwe katika kiambatisho cha tasnifu, ili msimamizi au mtahini anayeitilia shaka tarakimu yoyote aweze kuiuliza hifadhidata mwenyewe.